Maua, Mgeni na Kimya

Machi 2

Sijamwambia mtu yeyote jambo hili, kwa hiyo naanza nalo ili lisinisumbue tena: mimi nina maringo.

Tangu nikiwa mdogo watu wananiita mpole. Mama akinitambulisha kwa wageni husema, "Huyu ndiye kitinda mimba wangu, maji ya mtungini, hata umkanyage hasemi." Wageni hutabasamu, nami hutazama vidole vyangu vya miguu. Lakini ndani yangu kuna jogoo. Nikifanya kitu vizuri, hata kama ni kukunja shuka tu pembe zikalingana, yule jogoo hupanda ukutani akawika. Mpaka leo hakuna aliyemsikia.

Shule nimemaliza, matokeo bado. Shangazi, dada yake Baba, ameomba nikae naye dukani msimu huu wa mvua. Anadarizi nembo kwenye sare na majaketi. Kazi yangu ni kukata nyuzi zinazoning'inia nyuma ya nembo na kutozungumza na wateja. Hiyo ya pili nimejipa mwenyewe.

Machi 5

Mvua ya kwanza. Nimekata nyuzi.

Machi 6

Mvua. Nyuzi.

Machi 9

Radi imepiga mchana, karibu sana, taa zikawaka kupita kiasi kisha zikazimika. Harufu ya kuungua ilitoka kwenye kompyuta ya Shangazi, kasha la rangi ya maziwa yaliyochacha lililokaa pembeni mwa duka tangu kabla sijazaliwa. Umeme uliporudi, mashine ya kudarizi iliwaka. Kompyuta haikuwaka.

Niandike vizuri hapa, maana hili ndilo jambo lenyewe. Mashine ya kudarizi ina nguvu lakini haina akili. Haijui mchoro. Kompyuta ndiyo inayoipelekea mchoro kwa kebo, mshono mmoja baada ya mwingine: sasa kushoto, sasa juu, sasa badili uzi. Michoro yote Shangazi aliichora mwenyewe, nukta kwa nukta, na ameihifadhi kwenye flopi, zile diski bapa za plastiki zinazotosha kiganjani. Zimejaa kopo la biskuti. Kopo halikuguswa na radi. Ila kompyuta za siku hizi hazina mahali pa kuingiza flopi, wala tundu la kebo ile nene, na hata ukivipata, programu ya kudarizi, ambayo nayo imo kwenye flopi, ni ya zamani na haitaki kusikia habari za vijana.

Shangazi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akatazama kasha lililokufa.

"Basi," alisema. "Ilinivumilia sana."

Machi 10

Kocha wa timu ya wasichana amekuja na majaketi, bunda zima. Wanataka korongo kifuani, yule korongo wa Shangazi anayesimama kwa mguu mmoja. Mechi yao ya kwanza ni mvua zikikatika. Shangazi hakumwambia kuhusu radi. Alisema, "Yaache hapo, mwanangu," na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Hapo ndipo nilipoogopa.

Jioni alikuja mnunuzi wa vyuma chakavu. Habari za radi zina miguu. Aliizunguka mashine ya kudarizi akiigonga kwa kifundo cha kidole kama mtu anayechagua tikiti maji.

Machi 11

Nilijipanga tangu asubuhi. Nilisubiri Shangazi atie uzi kwenye sindano ndipo niseme, ili asinitazame.

"Shangazi, naomba niiunde upya."

"Uunde nini?"

"Kompyuta. Ya zamani kama ile."

Alinitazama hata hivyo. Shuleni kulikuwa na chumba cha kompyuta mbovu ambacho hakuna aliyekitaka, nilikitaka mimi. Nilikuwa nikizifungua na kuzifunga huku wenzangu wakicheza. Nilitaka kumweleza, lakini nilichosema ni, "Najua kidogo." Jogoo alikasirika. Kidogo!

Shangazi alifikiri mpaka uzi ukamtoka mkononi. "Haya. Mpaka mvua ziishe. Zikiisha na hakuna kitu, mashine inakwenda na yule bwana, na mimi nakwenda kuomba kiti kiwanda cha nguo, nishone kola mpaka nizeeke."

Sikulala vizuri. Kola!

Machi 13

Fundi Waya anatengeneza redio mtaa wa nyuma. Anaitwa hivyo kwa sababu daima ana waya shingoni, kama daktari na kile chombo chake. Banda lake limejaa mabaki ya kila kitu. Nilisimama nje nikijifanya najikinga na mvua.

"Binti," alisema bila kuinua kichwa, "ama uingie, ama ulipe kodi ya kibaraza."

Niliingia. Nilimwambia ninachotafuta, kwa sauti ndogo, nikitaja kila kipande kwa jina. Aliweka redio chini. Kisha akaondoa turubai kwenye rundo la makasha na kusema, "Karibu makaburini. Fufua unayemtaka."

Machi 14

Makaburini. Nimepata bodi kuu ambayo haijaungua, visomaji viwili vya flopi na kikohozi.

Machi 18

Kaka amepita dukani akaniona sakafuni katikati ya nyaya. Yeye anauza simu, na anaamini kila kitu kilichozidi umri wa simu yake ni takataka.

"Unajenga kompyuta au unaosha maiti?"

Shangazi alijibu kwa niaba yangu: "Wewe ulipojenga kabati, milango ilifunguka?"

"Shangazi, kabati lile lilikuwa na matatizo ya sakafu."

"Sakafu ilihama nyumba?"

Kaka alikaa akanishikia tochi mpaka nilipomaliza.

Machi 21

IMEWAKA. Mlio mmoja mfupi, pii, ndiyo namna yake ya kusema niko mzima. Nilitoka uani nikasimama kwenye mvua kidogo, maana dukani kulikuwa na wateja na uso wangu ulikuwa haunitii.

Machi 22

Sasa jambo gumu. Kompyuta imewaka lakini haina wa kuitawala. Inahitaji mfumo endeshi, ule unaoamka kwanza na kugawa kazi: wewe kibodi sikiliza, wewe skrini onyesha, wewe kebo peleka. Ukikosea kuchagua, vipande vyote vizima haviwi kitu kimoja. Ninayo mifumo mitatu, na nimeipa majina.

Mgeni ni ule Kaka aliouleta. Ni mpya, unagawiwa bure, na unaweza kujifanya kompyuta ya zamani ndani ya tumbo lake ili programu ya kudarizi idanganyike.

Maua nimeupata kwa Fundi Waya. Una rangi, picha ndogondogo za kubonyeza kwa kipanya, saa pembeni, mchezo wa karata. Ukiiacha kompyuta bila kuigusa, maua huanza kudondoka taratibu kwenye skrini. Ni mzuri mno.

Kimya upo kwenye flopi ya kwanza katika kopo la Shangazi, yenye maandishi ya mkono wake: YA KUWASHIA. Ndio aliokuwa akiutumia miaka yote. Skrini nyeusi, alama moja ndogo inayopepesa. Hauna picha. Hauna chochote. Unangoja uuandikie amri.

"Ile ya zamani ilikuwa nyeusi tu," alisema Shangazi. "Niliizoea."

"Nitakutafutia nzuri zaidi," nikasema.

Machi 25

Nimejaribu Mgeni. Kompyuta yangu ni ndogo kwake, kama kumkaribisha tembo kwenye kiti cha plastiki. Nimebandika maharage, yameiva, bado alikuwa anaamka. Kaka amesema labda maharage yalikuwa machanga.

Machi 26

Mgeni ameondoka. Tumeagana kwa heshima.

Machi 30

Maua! Programu ya kudarizi imefunguka ndani ya Maua kana kwamba imezaliwa humo. Flopi zilikuwa na ukungu. Shangazi amezisafisha moja moja kwa brashi yake laini ya kufutia vumbi la nyuzi, akizigeuza kama mtu anayemnyoa mtoto. Zimesomeka. Tumejaribu herufi tatu kwenye kitambaa kibovu. Zimetoka safi.

Shangazi alishika kitambaa kile akakipeleka mlangoni penye mwanga. Alinipigapiga mgongoni mara kadhaa, kama mtu anayetoa vumbi kwenye godoro.

Aprili 2

Nakiri kwamba nimekuwa nikiiacha skrini ielekee barabarani. Wateja wanaona maua yakidondoka na kuuliza, "Hii ni mpya?" Leo mama mmoja alimwita mwenzake ng'ambo ya barabara aje aone. Mimi nilikata nyuzi nikiwa nimeinamisha kichwa. Jogoo alikuwa juu ya paa.

Aprili 4

Mvua, mvua, mvua. Nembo ndogo za mikahawa. Zote safi.

Aprili 8

Leo tumeanza majaketi ya timu.

Korongo ni mchoro mrefu, mrefu kuliko wowote tuliojaribu. Shangazi alibana jaketi la kwanza kwenye duara la kukazia kitambaa, akaweka uzi wa kijivu, nami nikabonyeza. Kocha alikuwepo, ameketi kwenye kiti cha wateja na maji yakimchuruzika kwenye koti la mvua. Mguu wa korongo ulitoka vizuri. Tumbo likaanza. Maua yakaanza kudondoka kwenye skrini, na Kocha akasema, "Eh, kumbe mna vitu vya kisasa!" Nami nikatabasamu, mimi, mbele ya mteja.

Ndipo Shangazi akainua mkono. "Nyamazeni."

Nilisikia mashine tu, tatatatata.

"Inakata pumzi," alisema.

Sikuelewa. Alibonyeza kitufe chekundu, mashine ikasimama. Tulitazama. Shingo ya korongo haikuwa juu ya mwili. Sindano ilipotea njia katikati ya tumbo ikaruka upande, ikashona shingo kutoka kwenye paja. Mdomo ulikuwa umegusa mguu. Alionekana kama ndege anayejitafuna.

Kocha aliinuka. Hakuwa mkali, na afadhali angekuwa mkali. "Mama, wale watoto wamechangishana kwa majaketi haya. Kama haiwezekani, niambie leo."

"Hili moja nitalilipia," alisema Shangazi. "Mengine nipe mpaka wiki ya mwisho ya mwezi."

Kocha alitazama mashine, akatazama mvua, akaitikia kwa kichwa. Alipotoka alipishana mlangoni na mnunuzi wa vyuma, ambaye leo alikuja na futi ya kupimia kama mlango wetu unatosha kuipitisha mashine.

Nilienda stoo nikakaa nyuma ya marobota. Nililia, lakini si sana. Zaidi nilikuwa na hasira. Herufi zilitoka safi. Nembo za mikahawa zilitoka safi. Kwa nini korongo?

Shangazi alinifuata akakaa juu ya robota, akanipa leso yake.

"Nimekuharibia," nikasema.

"Umeniharibia jaketi moja. Mimi nilipoanza niliharibu gauni la bi harusi, siku yake, akiwa amelivaa. Futa kamasi. Mashine hii ikiwa nzima inalia kama mtu anayekimbia barabara tambarare. Leo ilikuwa inakimbia, inajikwaa, inakimbia. Mimi masikio ninayo, lakini ndani ya hilo kasha siwezi kuona. Wewe unaona. Sasa kaa uisikilize."

Aprili 9

Nimekaa kando ya mashine tangu asubuhi, tukishona korongo kwenye matambara. Mwanzoni nilisikia kelele tu. Baada ya chakula cha mchana nilianza kusikia kujikwaa. Tatatata, ta, tatata. Kisha nikainua macho kwenye skrini.

Ni maua.

Yanapoanza kudondoka, mashine inajikwaa. Nembo ndogo zilikuwa zinakwisha kabla hayajaanza! Korongo ni mrefu; katikati yake hakuna mtu anayegusa kipanya, na kompyuta inaona imepumzishwa, inaanza kujiremba.

Nilichora kwenye karatasi mpaka nikaelewa. Mashine ya kudarizi ina kumbukumbu ndogo kama kikombe. Kompyuta inamimina mishono, kikombe kikijaa mashine inarudisha neno kwa kebo: ngoja. Mfumo wa Maua una mambo mengi, unayahudumia kwa zamu, na tundu la kebo nililolipata makaburini ni la zamani, haliwezi kushika ujumbe mpaka zamu ifike. Neno "ngoja" linakuja, Maua yumo kwenye mapambo, hasikii. Anaendelea kumimina. Mishono inamwagika.

Nimeyazima maua. Tukashona tena. Afadhali sana, lakini saa ya pembeni ilipobadilika, sindano iliruka tena, kidogo, kwenye jicho. Shangazi aliligusa jicho lile kwa ukucha.

"Huyu amelala," alisema.

Si kosa la Maua. Ameumbwa kwa ajili ya mambo mengi. Ni mimi niliyemchagua nikiwaza watu wa barabarani badala ya kuiwaza mashine.

Aprili 10

Nimemfuta Maua. Nilisikitika, niseme kweli. Nimechukua flopi ya YA KUWASHIA nikamweka Kimya.

Pii. Skrini nyeusi. Alama inapepesa. Kimya hana zamu, kwa sababu hana mambo mawili. Ukimpa kazi, anafanya hiyo tu na masikio yake yote yako hapo.

Tumeshona korongo kwenye tambara. Sikutazama kitambaa, nilimtazama Shangazi. Alikuwa amefumba macho na kichwa amekiinamisha upande, na mashine ililia kama mtu anayekimbia barabara tambarare, bila kujikwaa hata mara moja, mpaka uzi ulipokatwa. Ndipo akafumbua macho.

"Huyo ameamka," alisema.

Korongo alisimama kwa mguu mmoja, jicho wazi, kana kwamba ameona samaki.

Aprili 11

Shangazi ameniomba jambo, kwa aibu, ambayo sijawahi kuiona kwake. Amri za kuandika zimeanza kumpotea. Miaka hii yote alikuwa akizisoma kwenye kikaratasi kilichobandikwa kwenye kompyuta ile iliyoungua, na kimeungua nayo.

Kimya ana faili moja analolisoma kila anapoamka, na ukiandika humo amri, anazifanya mwenyewe kwa mpangilio. Nimeziandika zote. Sasa Shangazi atabonyeza swichi tu, na programu itajifungua. Nikaongeza mstari mmoja juu kabisa.

Aprili 12

Asubuhi Shangazi alibonyeza swichi. Kaka alikuwa mlangoni anatikisa mwavuli. Pii. Kisha, kwa herufi nyeupe katikati ya weusi:

SHIKAMOO SHANGAZI

"Marahaba," akajibu Shangazi, kabla hajajua anamjibu nani.

Kaka alicheka mpaka mwavuli ukafunguka wenyewe. "Kompyuta ina adabu kuliko sisi!"

"Kuliko wewe," alisema Shangazi. "Huyu mwenzako ndiye aliyeifundisha." Akainama karibu na skrini, akasoma tena polepole, akatengeneza kitambaa chake cha kichwa kama mtu aliyepata mgeni wa heshima.

Aprili 15

Majaketi. Mikono inanuka mafuta ya mashine. Naipenda harufu hiyo.

Aprili 17

Majaketi. Fundi Waya amekuja kuona. Amesimama nje kwenye kibaraza. Nikamwambia, "Fundi, ama uingie, ama ulipe kodi." Nimesema hivyo mimi! Aliingia.

Aprili 23

Jaketi la mwisho. Mvua leo ni manyunyu.

Aprili 26

Jua. Kocha amekuja na wasichana wawili wa timu. Walivaa majaketi hapohapo, wakageuziana vifua, wakapiga kelele kama wamekwisha shinda. Kocha alipitisha kidole kwenye jicho la korongo.

"Mama, ulipata fundi kutoka wapi?"

Shangazi alikuwa na pini mdomoni. Angeweza kuzitoa. Hakuzitoa. Alinyoosha tu mkono kuelekea kwangu, kisha akaendelea na kazi yake, akaniacha hapo katikati ya duka, macho ya watu watatu usoni pangu.

Nilitazama vidole vya miguu. Kisha nikainua kichwa.

"Ni mimi," nikasema.

Ikasikika mpaka nje, maana mnunuzi wa vyuma, aliyekuwa akishusha mkokoteni wake kando ya barabara, aligeuka. Shangazi alitoa pini mdomoni kwa ajili yake.

"Bwana, kompyuta iliyoungua ipo uani, chukua uende nayo. Hii mashine ina kazi. Na ina fundi."

Aprili 29

Mvua zimekatika. Mama ametuma ujumbe kuuliza nitarudi lini. Shangazi amemjibu kwamba maji ya mtungini yanahitajika huku, na kwamba hayakanyagwi.

Sasa la mwisho, na hili ni lako peke yako. Mchana Shangazi alipokwenda kununua nyuzi, nilifungua programu ya kudarizi nikachora mchoro wangu wa kwanza, nukta kwa nukta. Kimya alinisikiliza kwa masikio yote. Nikaushona ndani ya mfuko wa aproni yangu, upande usioonekana, kwa uzi mwekundu uliobaki. Ni mdogo kama ukucha wa kidole gumba, kifua mbele, kilemba kimesimama, mdomo wazi.

Ninapokata nyuzi naingiza mkono mfukoni na kumgusa. Watu wameshajua mimi ni fundi, na hilo linatosha. Wakimjua na huyu, hapatakalika dukani. Kwa hiyo, daftari langu, tuelewane: wewe hukuona jogoo yeyote.